Kuku mmoja au kuku saba? Kuchagua kitabu cha picha cha kufundishia grafu

Hadithi ilikuwa ya kuku aliyepotelewa na kifaranga. Anatoka bandani, anapita kwa ng'ombe, anapita kwa mbuzi, anapita kwa bata watatu, mwisho anamkuta mwanawe amelala ndani ya kapu la bibi. Nimeketi na darasa la awali kwenye jamvi, vizibo vya soda tumevirundika katikati. Kazi niliyotoa niliiona nyepesi: kila mnyama tunayemwona kitabuni tumwekee kizibo kwenye safu yake, halafu tuone nani ana safu ndefu kuliko wenzake. Ukurasa wa tatu ugomvi ukaanza.

"Mwalimu, kuku ulishamwekea!"

"Huyu mwingine."

"Si mwingine, ndiye yule yule. Anamtafuta mtoto wake."

Darasa likagawanyika pande mbili. Waliosema kuku ni mmoja walikuwa sahihi, kwa sababu hadithi ni ya kuku mmoja. Waliosema ni saba nao walikuwa sahihi, kwa sababu ukifunua kurasa unamkuta mara saba. Bovu lilikuwa swali langu. Sikusema kama tunahesabu wanyama wangapi, au wametokea mara ngapi. Nikafunga kitabu, tukaenda kunywa uji.

Tangu siku ile sichagui kitabu cha grafu kwa uzuri wa picha zake. Naangalia kitawapa watoto kitu gani cha kuhesabu, na kama kuna kitu ndani yake watakachobishania. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita, grafu ni dawa ya ubishi: nani wengi, nani wachache, wamezidi kwa ngapi. Pasipo ubishi mtoto anapanga vizibo kwa sababu mwalimu kasema apange, na kesho yake hakumbuki alipanga nini.

Kwa kipimo hicho, hivi ndivyo ninavyoviona vitabu nilivyovitumia kuanzia awali hadi darasa la pili.

Kitabu cha kuhesabu

Hiki ndicho rahisi kukipata: samaki mmoja, vikombe viwili, mayai matatu, mpaka kumi. Ukiweka vizibo kwa kila ukurasa unapata ngazi inayopanda kidato kwa kidato. Uzuri wake ni kwamba ngazi inajisahihisha yenyewe. Aliyeruka kizibo kimoja anaona kidato kimevunjika kabla hujafungua mdomo. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupanga safu hilo si jambo dogo, maana kanuni mbili za mwanzo anazipata hapo: safu zote zinaanzia mstari mmoja wa chini, na vizibo vinaachana sawasawa.

Tatizo ni kwamba kufikia ukurasa wa nne kila mtu anajua kinachofuata. Hakuna wa kushangaa, hakuna wa kubisha. Mimi hukitumia siku mbili mwanzoni mwa mada, kisha nakirudisha kabatini.

Hadithi ya kawaida

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo penye mashimo. Hadithi yoyote yenye wahusika wengi au vitu vya aina mbalimbali inafaa, hata kama mtunzi hakuwahi kuiwazia hisabati. Kitabu hicho hicho kinakupa maswali ya namna mbili.

Swali la kwanza ni la ndani ya kitabu: wageni wangapi walikuja na zawadi, wangapi mikono mitupu? Jibu lake lipo, na mtoto akibisha mnarudi ukurasani kuhakikisha. Ndiko walikonikamatia na kuku wangu. Siku hizi kabla ya kufungua kitabu tunakubaliana kwa sauti: leo tunahesabu "wangapi", au leo tunahesabu "mara ngapi". Na ninawaacha watoto ndio waamue, kwa sababu kuamua unahesabu nini ni nusu ya kazi ya takwimu.

Swali la pili ni la sisi wenyewe: kati ya wanyama hawa, wewe ungependa nani akusindikize shambani? Kila mtoto ana kura moja, na kura hiyo ni yake. Macho yanawatoka. Hata yule anayesinzia kila somo anataka kujua mnyama wake ana wangapi.

Kura hizo zina vituko vyake. Watoto wanafuata rafiki: mmoja akiweka kizibo kwa simba, kumi wanamfuata. Dawa niliyoipata ni kuwaambia kila mmoja achore chaguo lake kwenye kikaratasi kwanza, akikalie, kisha tuwaite mmoja mmoja. Halafu kuna safu tupu. Mwaka fulani mtoto alilia kwa sababu fisi, aliyemchora kwa upendo wote kwenye kichwa cha safu, hakupata kura hata moja. Nikashawishika kuifuta safu ya fisi. Nafurahi sikuifuta, maana ndiyo siku sifuri ilipoacha kuwa duara la ubaoni na kuwa jambo lililotokea.

Kituko kingine ni cha picha zenyewe. Nimefundisha Muheza, kwenye machungwa mpaka yanaozea barabarani. Tulisoma kitabu cha matunda, tukapiga kura tunda gani tunalipenda zaidi. Watoto walikuwa 31. Machungwa yakapata 6, maembe 9, ndizi 5, na maepo 11. Maepo! Nikauliza nani ameshawahi kula epo, wakainua mikono wawili. Wengine walikuwa wamelipigia kura lile jekundu linalong'aa kitabuni. Grafu ilikuwa sahihi kabisa, isipokuwa ilijibu swali jingine: picha gani nzuri zaidi. Kwa hiyo ukichagua kitabu cha kupigia kura, chagua chenye vitu ambavyo watoto wako wameshavishika, wameshavila au wameshavipanda.

Kosa la tembo na panya

Nakaa kidogo hapa kwa sababu kosa hili linatokea kwa kila aina ya kitabu, na sijaona mwalimu aliyeliepuka mara ya kwanza.

Siku ya kumchagua wa kutusindikiza shambani, vile vikaratasi nilivikata ovyo ovyo, vingine vikubwa, vingine vidogo. Aliyemtaka tembo alichukua karatasi kubwa, kwa sababu tembo ni mkubwa. Aliyemtaka panya alichukua kipande. Tukavibandika ukutani. Panya walikuwa tisa, tembo watano, lakini safu ya tembo ilifika usawa wa dirisha na ya panya ikaishia kwenye kiti. Nikauliza nani kashinda. "Temboo!"

Otto Neurath, aliyefungua jumba la makumbusho la jamii na uchumi huko Vienna mwaka 1925, alilishughulikia jambo hili hili kwa watu wazima. Yeye na wenzake walikuwa wakichora takwimu kwa picha ili mfanyakazi asiyesoma sana aelewe habari za makazi, vifo na viwanda. Kanuni yao kuu ilikuwa hii: kitu kikizidi, ongeza idadi ya picha zilizo sawa, usikuze picha moja. Jicho haliwezi kukadiria kama picha hii ni mara mbili ya ile au mara tatu, lakini kuhesabu linaweza.

Darasani kanuni hiyo inatafsirika kirahisi: kata karatasi zote kwa kipimo kimoja. Tembo na aenee humo humo anamoenea panya. Watoto watalalamika kwamba tembo si mdogo hivyo. Waambie hii si picha ya tembo, ni kura ya mtu mmoja. Vizibo havina shida hii, ndiyo maana naanza navyo. Lakini ukichanganya vizibo na viberiti kwa sababu vizibo vimeisha, tembo amerudi.

Kitabu kisicho na maneno

Nazungumzia vile vyenye picha moja iliyojaa: soko, stendi, ufukwe, mtaa. Hakuna hadithi ya kufuata, kila mtu anaona lake. Kwa kufundisha vijiti vya kuhesabia (vinne vimesimama, cha tano kinavikata) sijaona kinachoshinda. Na ubishi wake ni wa daraja la juu, kwa sababu ni wa kupanga makundi. Tulihesabu vyombo vya usafiri kwenye picha ya stendi. Bajaji iende wapi? Kundi moja wakasema ni gari kwa sababu ina paa na abiria wanakaa nyuma. Wengine wakasema ni pikipiki, tena mmoja akatoa ushahidi kwamba baba yake anaiendesha kwa usukani wa pikipiki. Mwisho wakaipa safu yake. Hayo ndiyo maamuzi wanayofanya watu wa sensa, na hapa yanafanywa na watoto wa darasa la kwanza wenye chaki mikononi.

Ila kwa darasa la watoto 60 kitabu hiki hakifanyi kazi mbele ya wote. Picha ni ndogo, wa nyuma haoni kitu. Kinataka watoto watano au sita wakizungukie, na wengine uwe umewapa kazi nyingine. Kama huna msaidizi, fikiria mara mbili.

Vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya grafu

Hivi vipo zaidi kwa Kiingereza. Msururu unaojulikana ni MathStart wa Stuart J. Murphy wa Marekani. Kimoja chake, Lemonade for Sale cha mwaka 1998, ni cha watoto wanaouza maji ya limau ili wakarabati kibanda cha klabu yao, na kila siku mmoja wao anachora mhimili wa vikombe walivyouza. Mihimili inapanda, halafu ghafla inaporomoka, kwa sababu mtaani amekuja mtu wa kurusha na kudaka vitu hewani na wateja wote wamemkimbilia. Kingine ni Tiger Math cha mwaka 2000, cha Ann Whitehead Nagda na Cindy Bickel, juu ya mtoto wa chui-milia aliyelelewa kwa mkono katika bustani ya wanyama ya Denver baada ya mama yake kufa. Kurasa za kulia zinasimulia, za kushoto zina grafu za kila namna: picha, mihimili, mstari, duara.

Sifa yao kubwa ni ile ambayo hadithi ya kawaida haina: mtoto anaiona grafu ikifanya kazi. Mhimili ukishuka, kuna sababu, na sababu imo kwenye hadithi. Hapo mtoto anajifunza kuiuliza grafu "kwa nini", na si "ngapi" pekee.

Kasoro ni kwamba grafu imeshachorwa. Mtoto ni mtazamaji. Tena si vitabu vya awali. Lemonade for Sale kimepangwa katika ngazi ya tatu ya msururu huo, watoto wa miaka 7 na kuendelea, na Tiger Math kinadai mtoto anayejua kusoma namba za mamia. Ongeza lugha ya kigeni na bei ya kuagiza, na kwa shule nyingi za huku vinabaki kuwa vitabu vya mwalimu, si vya darasa. Mimi nachukua wazo, naacha kitabu. Badala ya maji ya limau nasimulia dada na kaka wanaouza barafu za ukwaju nyumbani kwao, wanachora mihimili ya mauzo, na Alhamisi mvua inanyesha kutwa nzima. Siwaambii mvua imefanya nini. Nawaachia ubao na chaki wachore wenyewe mhimili wa Alhamisi.

Kitabu mnachotengeneza wenyewe

Kama ungenilazimisha nibaki na kimoja tu, ningebaki na hiki. Kila mtoto anapewa karatasi ya kipimo kimoja, anachora na kumalizia sentensi: "Mimi huja shule kwa..." Miguu, baiskeli, bodaboda, daladala. Unatoboa matundu mawili pembeni, unazifunga kwa kamba. Usizipige pini, nitakuambia kwa nini. Mnasoma kitabu pamoja, kila mtoto anasimama ukurasa wake ukifika. Wakishakisoma mara tatu nne, mmoja atauliza nani wengi. Hapo unafungua kamba, kurasa zinatoka, na watoto wanazibandika ukutani kwa safu. Kurasa za kitabu zimekuwa grafu. Zote zina ukubwa mmoja, kwa hiyo tembo hana nafasi. Kila mtoto ana ukurasa mmoja, kwa hiyo hakuna wa kuhesabiwa mara mbili. Jioni mnazirudisha kwenye kamba, na kesho kitabu ni kitabu tena.

Gharama ni karatasi, kalamu za rangi na kamba. Kinachogharimu kweli ni muda: wiki nzima, na siku ya kuchora darasa linakuwa kama soko la samaki. Hakina pia ile faida ya kumtoa mtoto nje ya mtaa wake, kumwonyesha ngamia au theluji. Kwa hiyo sisemi kikae peke yake.

Karatasi au simu?

Kwa asiye na duka la vitabu karibu, African Storybook ya shirika la Saide la Afrika Kusini ina hadithi nyingi za Kiswahili za kupakua bure, zimepangwa kwa ngazi, na leseni yake huria inaruhusu kunakili, kutafsiri, hata kubadilisha maneno, mradi uwataje watunzi. Ruhusa hiyo ya kubadilisha kwa mwalimu wa hesabu ni dhahabu: unaweza kuongeza ukurasa wa mwisho wenye swali lako. StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza mwaka 2015, inakwenda kwa utaratibu huo huo.

Simu inakuza picha, na hilo linakisaidia kile kitabu kisicho na maneno. Lakini juu ya kioo cha simu huwezi kupanga vizibo, na watoto watatu wakishaigusa ukurasa umeruka. Ninachofanya ni kuchapa kurasa nne au tano zinazohitajika, nyingine nasimulia kwa mdomo.

Angalia tafsiri kabla ya kuchapa. Nilikutana na ukurasa wenye picha ya shomoro kwenye waya na swali "Unaona ndege ngapi?" Watoto wakaangalia juu ya picha, chini ya picha, wakasema hakuna hata moja. Walikuwa sahihi: ndege ngapi ni za kiwanja cha ndege, wa kwenye waya ni ndege wangapi. Kiswahili chetu kinambana muulizaji: lazima useme wangapi, vingapi, mangapi au ngapi, yaani uwe umeshaamua unahesabu kitu gani. Kitabu kinachokosea hapo kinakuharibia somo kabla halijaanza.

Swali moja la kukijaribu kitabu chochote

Kabla sijakikubali, nakitungia swali la "kwa ngapi". Maembe yamepata 9, machungwa 6, maembe yamezidi machungwa kwa mangapi? Mara ya kwanza karibu darasa zima litasema tisa. Wamesikia "maembe mangapi". Mpe mtoto rula ailaze juu ya safu fupi, ikate mpaka safu ndefu. Kilicho juu ya rula ndicho kilichozidi. Kitabu cha kuhesabu jibu lake ni moja kila mara kwa kurasa zinazofuatana, ndiyo maana kinachosha. Kitabu cha hadithi chenye wahusika watatu tu hakikupi tofauti za kutosha. Napenda chenye makundi manne au matano, moja likiwa na wengi, moja likiwa karibu tupu.

Basi, mwalimu wa awali mwenye watoto wengi, anza na kitabu cha kuhesabu kwa siku mbili, kisha hadithi moja ya kupigia kura, kisha mtengeneze chenu. Wa darasa la pili anaweza kuruka cha kuhesabu na kuongeza habari ya mvua na barafu.

Mzazi mwenye mtoto mmoja nyumbani ana shida yake, kwa sababu kura ya mtu mmoja si kura. Wewe usitafute kitabu cha kupigia kura. Tafuta kile kilichonishinda mimi, chenye mhusika anayerudi rudi. Andaa vizibo vya rangi mbili, vyekundu kwa "wangapi" na vyeupe kwa "mara ngapi", na kwa kila rangi mpange grafu yake. Kuku atapata chekundu kimoja na vyeupe saba. Bata, wanaoonekana kwenye ukurasa mmoja tu, watapata vyekundu vitatu na cheupe kimoja. Mtoto akikuuliza sasa nani kashinda, mrudishie swali: kwa vyekundu au kwa vyeupe?